Mwaka Ambao Hakuna Aliyenigombeza

Wifi yangu Speciosa alinigombeza siku chache baada ya mazishi ya kaka yangu, nami nikacheka mpaka nikashikilia mlango. Turubai lilikuwa limeshashushwa na waliotoka mbali walikuwa wamekwenda zao. Nilimpelekea chai niliyoitia sukari kwa kipimo chake cha zamani, vijiko vya kujaa, nikasahau kwamba kutoka huko Kanada alikoupeleka ujana wake amerudi na kisukari. Alionja, akatema pembeni, akanikazia macho. "We Domitila! Unataka nimfuate mume wangu wiki hii hii? Mtu mzima, hata kuuliza huwezi?" Akina mama waliokuwa wanachambua maharage uani wakainamisha vichwa, maana mfiwa hamgombezi mfiwa mwenzake. Mimi nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na wao wakadhani msiba umenipanda kichwani. Nikamwambia, "Wifi, rudia. Nigombeze tena." Speciosa akageuza uso akaanza kuangalia migomba. Alikuwa ananielewa vizuri, kwa sababu mwaka ule alikuwepo.

Habari za ukoo wetu sitazieleza hapa. Anayezitaka aende Rulenge akakae na wazee baada ya misa, watampa zetu na kumwongezea za kwao. Inatosha kujua kwamba sisi ni watu wa kuja. Bibi yangu alivuka mto Kagera usichana wake ukiwa umeshaisha, watoto mkononi na chombo cha maziwa kichwani, akapokewa Murukulazo. Ardhi ya Murukulazo ilipobana, wengi wa nyumba yake walihamia huku Nyabusozi. Na mwaka ninaousema, nilipokuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne kwa masista, zamu ya kuhama ilimfikia kaka yangu Deo na mkewe Speciosa, tena wao kwa ndege. Padre mmoja Mkanada aliyekuwa amerudi kwao aliwatafutia kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Bibi alipoelezwa, aliuliza swali moja tu: "Kwani wazee wa huko hawana watoto?" Deo akasema wanao. Bibi akatikisa kichwa, akaendelea kumenya muhogo.

Tulikuwa wanne nyumbani: Bibi, Deo, Speciosa na mimi, kwani wazazi wetu walikuwa wametangulia. Sanduku la safari lilifunguliwa juu ya meza ya sebuleni tangu mwezi wa pili, likakaa pale miezi, kwa hiyo tulikula sahani zikiwa magotini chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Nyumba nzima ilinuka dawa ya nondo. Speciosa alikuwa akivaa sweta la sufu mchana wa jua kali ili aone kama mwili utalizoea, anakaa nalo akitokwa jasho huku anasonga ugali. Mimi sikuwaonea wivu. Jina langu lilikuwa limebandikwa ukutani pale ofisi ya elimu Biharamulo: nimechaguliwa chuo cha ualimu, kuripoti mwezi wa saba. Nilikwenda kulisoma, nikarudi nyumbani, kesho yake nikaenda tena kulisoma. Nilitaka kuwa mwalimu kuliko nilivyotaka mume, na nilijua kabisa nitavaa viatu gani siku ya kwanza.

Sasa, Bibi yangu alikuwa na mdomo. Nasema alikuwa na mdomo! Alimgombeza jogoo kwa kuchelewa kuwika, akaigombeza mvua kwa kunyesha wakati mtama umeanikwa, na nguvu zilizobaki ananimalizia mimi. Nimechota maji machache, nimefagia kama mgeni, nimecheka kwa sauti ya mlevi. Ndiyo iliyokuwa saa ya nyumba yetu. Ukisikia Bibi ananibwatukia ujue kumekucha. Kwa hiyo asubuhi moja ya masika nilipoteleza mlangoni nikiwa na icyansi, kile chombo cha mti cha kukamulia maziwa, kikadondoka kwenye jiwe kikapasuka kutoka mdomoni hadi chini, nilikaa pale pale kwenye tope nikingoja mbingu zianguke. Hicho ndicho chombo alichovuka nacho mto. Bibi alitoka jikoni, akakitazama, akanitazama. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, "Hujaumia, mwanangu?" Akaokota vile vipande, akaingia navyo ndani.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Nilidhani uzee umemlainisha. Zikafuata wiki za raha ambazo msichana wa kijijini hazipati hata akiwa mgonjwa. Nililala hadi jua linaingia dirishani, hakuna aliyeniita. Nilisahau mbuzi wakaingia kwenye maharage, Deo akawatoa mwenyewe, na Deo nilikuwa namjua, mtu wa makofi ya kisogoni. Sasa ananiita "mama" na kuniuliza nimekula nini. Kuku akichinjwa, firigisi lilikuja kwenye sahani yangu, sahani ya msichana, mbele ya mwanamume mwenye nyumba. Speciosa alinisuka nywele bila kuombwa. Nilikuwa naringa jamani, nilijiona malkia.

Ila raha ikizidi inaanza kuwasha. Siku moja nilikatiza kwenye shamba la jirani yetu Mama Yustina, mwanamke asiye na simile, akanifokea hadi akapaliwa. Bibi alikuwa uani. Akatoka na fimbo yake, akamwambia bila kupaza sauti, "Yustina, huyo muache." Basi. Mama Yustina akafunga mdomo, akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, na ile hasira ikamtoka usoni, ikabaki huruma. Jioni akaja kwetu na mayai ndani ya kanga, akaniwekea mapajani, akanishika shavu. "Kula, binti. Kula tu." Usiku huo sikula yai wala chochote. Nikaanza kukumbuka kwamba mwanzoni mwa mwaka nilipougua homa, Deo alinipeleka hospitali, wakanitoa damu, na majibu akapokea yeye. Mimi aliniambia ni malaria. Yesu wangu, nikajua. Ninaumwa ugonjwa usiopona na nyumba nzima inajua, imebaki mimi tu.

Nikaanza kujikagua. Nilipima mkono wangu kwa vidole nione kama umekonda, nilitazama ulimi kwenye kioo cha Speciosa, nilisikiliza moyo nikiwa nimelala ubavu. Kila tendo jema likawa msumari. Deo akinipisha kiti, naona jeneza. Speciosa akinipaka mafuta kichwani, nawaza ndivyo wanavyomtayarisha maiti. Niliwasikia wakinong'ona sebuleni, na nikiingia wanazungumzia mvua, hata kama jua ni la kupasua mawe. Nilitamani kuuliza, lakini utamuuliza nani kama unakufa? Nikiangalia nyuma, mwezi ule wa kuogopa kifo ulikuwa mwezi mwepesi kuliko uliofuata, kwa sababu kifo hakina mtu wa kumlaumu.

Mwezi wa tano Bibi alinituma Murukulazo kumsaidia baba mdogo Laurenti kuvuna maharage. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu baba, aliyebaki kule wakati wengine wanahamia Nyabusozi. Si mbali, ukipata lori asubuhi unafika mchana. Lakini baba mdogo hakuwahi kuja kwetu hata siku ya kipaimara changu, na sisi tulizoea, kama unavyozoea kwamba mtu fulani hali samaki. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda jikoni kwake. Nyumba ilikuwa safi mno, uwanja umefagiwa mistari, vitanda vinne vimetandikwa mashuka meupe, na yeye analala jikoni kwenye mkeka kando ya moto. "Shikamoo, baba mdogo." "Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa." Hakuwa na mke wala mtoto. Akanipakulia ugali wa muhogo na maharage mabichi yaliyopikwa na biringanya, akaniuliza habari za nyumbani, nikamjibu. Halafu akacheka. "Na mama yangu, bado mkali vile vile?"

"Siku hizi hanigombezi," nikasema. Na kwa kuwa nilikuwa nimebeba jambo lile peke yangu, nikamwaga lote: icyansi, mbuzi, firigisi, mayai ya Mama Yustina, damu niliyotolewa. Nikamwambia ninakufa, naomba aniambie kama amesikia ni ugonjwa gani. Baba mdogo aliweka sahani yake chini taratibu. Hakunitazama. Alichukua kuni akasogeza makaa, akapuliza, na moshi ulipopungua akasema, "Huumwi, Domitila. Unabaki." Sikuelewa. Akaniambia kwamba watu wetu hawahami wote. Nyumba ikiachwa tupu, moto ukazimika, watu husema wenyewe wamekwisha, na ardhi hupata mwenyewe mwingine. Bibi alilijifunza hilo mapema. Kwa hiyo huachwa mmoja mwenye nguvu wa kushika moto, mpaka waliokwenda warudi. "Na yule anayebaki hagombezwi," akasema, "tangu siku wanapoamua. Mimi walianza kuninyamazia wakati wa palizi. Nilivunja hata baiskeli ya baba yako. Akanipa pole!" Akacheka tena, kicheko cha mtu anayesimulia vituko vya mtoto wake.

Nilimwuliza kwa nini hakukataa. Akashangaa kweli kweli. "Nikatae nini? Hakuna aliyeniambia baki." Nikasema, lakini baba mdogo, Nyabusozi si hapo tu, ungepanda lori ukatufuata. Akaangalia vile vitanda vinne kupitia mlango wa jikoni. "Nikija huko, huku atakuwepo nani?" Tulivuna maharage yake, tukayapiga, tukayapepeta, na muda wote huo nilihesabu furaha yangu kwamba sifi, nikaona haitoshi hata kujaza kiganja. Nilikuwa nimepona ugonjwa, nikapata jambo ambalo hospitali hawatibu. Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi mwisho wa uwanja wake, hakuvuka. Niliporudisha macho alikuwa ameshainama anafagia nyayo zangu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na masikio mapya. Jioni moja nilikuwa nyuma ya jiko nakata majani ya ng'ombe, Bibi na Speciosa wako ndani wanapika. Nikasikia Speciosa anasema, "Lakini Bibi, binti ana chuo." Bibi akajibu, "Chuo ni jengo. Litamngoja." Speciosa akasema kitu sikukisikia, kisha Bibi akaanza kuongea kwa sauti ile ndogo. Alimsimulia habari za Kandida, mtoto wake wa kwanza, ambaye mimi nilikuwa nalijua jina tu, kwenye sala za marehemu. Walipokimbia, Kandida aliachwa nyumbani ng'ambo ya mto, msichana mkubwa wa kutosha kukamua na kupika, abaki na ng'ombe hadi vurugu zitulie. "Asubuhi ile akamwaga maziwa," Bibi akasema. "Maziwa ya njiani, ya wadogo zake. Nikamtukana. Nilimwita mjinga asiyefaa kitu, mbele ya wenzake, nikajitwika chombo nikaondoka. Kwa hasira zangu sikugeuka kumtazama. Nikajua nitamtuliza nikirudi." Chungu kinatokota. "Sikurudi, na yeye hajaonekana. Ndiyo nikasema mtoto wangu mwingine hatabaki na neno kama lile. Hata akichoma nyumba."

Nilikaa pale na mundu mkononi, na hasira ikanipanda juu ya huruma. Kwa sababu nilimhurumia, sana, ningetaka kuingia nimkumbatie. Na papo hapo nikaona kwamba machozi yake ya miaka yote hayo ndiyo yanayonifungia mlango. Basi nikaamua. Kama anayebaki hagombezwi, nitagombezwa. Nitamtoa Bibi kwenye kiapo chake kwa nguvu, akinitukana mara moja tu nitakuwa sijachaguliwa, na mwezi wa saba nitakwenda zangu. Leo naona ni akili ya kitoto, lakini wakati ule niliishika kama mfa maji anavyoshika unyasi. Nikaunguza ugali makusudi, wakala. Nikamwaga chumvi kwenye mboga. Deo akanywa maji, akasema nimepika vizuri. Nikamjibu Speciosa jeuri mbele ya wageni wa parokia, maneno ambayo sitayaandika, akashusha macho. Nikalipasua lile sweta la sufu kwa mkasi, mkono mzima. Speciosa alilishona akiwa amekaa mlangoni, na machozi yakimdondokea kwenye uzi, bila kuniambia hata "kwa nini".

Wiki yao ya mwisho nilimfuata Deo nyuma ya zizi. Nikamwambia, "Kaka, nimekukosea, nimekuaibisha, nimeharibu nguo ya mkeo. Nigombeze." Akasema, "Wewe ni mdogo wangu tu." Nikamsukuma kifuani. "Nigombeze! Niite mshenzi! Nipige!" Nilimwona akikunja ngumi, nikaona taya linamcheza, nikashukuru Mungu: sasa. Lakini ngumi ikafunguka yenyewe. Akasema, "Domi, tukifika tutaandika. Mambo yakikaa sawa tutakuita." Nikamwuliza, "Mtaniita, au mtarudi?" Akaenda kuwatazama ng'ombe ambao walikuwa wamelala wameshiba. Ndipo nikaingia jikoni. Sikufikiri. Nilibeba ndoo ya maji niliyochota asubuhi, nikaimwaga yote juu ya mafiga. Moto ule Bibi alikuwa akiufunika majivu kila jioni, hakuna mtu kwetu aliyewahi kuuona umekufa. Ulilia kama mnyama, jivu likaruka hadi kwenye paa, na jiko likawa giza la mvuke. Wote walikuja mbio. Walisimama mlangoni, Deo, Speciosa, na Bibi katikati yao akishikilia fimbo.

Bibi aliingia akipapasa mle mvukeni. Nilifumba macho, nikamngojea, moyo wangu wote ukimwomba: sema, Bibi, sema tu. Mikono yake ikanishika viganja, ikavigeuza, ikavipapasa kidole kwa kidole. "Umeungua?" akauliza. "Deo, leta mafuta, mtoto asije akawa ameungua." Kisha akapiga magoti kwenye yale matope ya majivu, mzee yule, akaanza kutoa kuni zilizolowa, na Speciosa akaenda kwa Mama Yustina kuomba kaa la moto. Nililia mpaka sauti ikakauka. Bibi alikuwa akinipangusa uso kwa kanga yake kila alipopumzika kupuliza.

Waliondoka asubuhi ya mawingu kwa Land Rover ya misheni. Majirani walijaa uwanjani, wakaimba nyimbo za kanisani, Mama Yustina akapiga vigelegele. Nilikuwa nimeshafunga kisanduku changu cha chuo, nikakiweka sebuleni juu ya meza iliyobaki tupu, ili kila mtu akione. Deo alikiona. Alinikumbatia, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Speciosa aliyevaa sweta lenye mshono alining'ang'ania hadi dereva akapiga honi, akaninong'oneza, "Nisamehe wifi." Nikamwambia, "Nami naondoka mwezi wa saba." Akaitikia haraka haraka, ndiyo, ndiyo, kama unavyomwitikia mgonjwa. Gari lilipopotea kwenye kona nilimtazama Bibi. Alikuwa amesimama wima, hajatoa chozi, anaangalia barabara kama mtu anayehakikisha geti limefungwa. Siku ile tulikula viporo vya sherehe, tukasali rozari, tukalala. Nilipanga kumwambia kesho yake, kwa upole, kwamba Mama Yustina atakuwa anamwangalia, kwamba nitakuja kila likizo.

Kesho yake niliamshwa na fimbo inayogonga mlango wa chumba changu. "Domitila! We Domitila! Jua limefika utosini umelala kama gogo, mbuzi wanalia, maji hakuna hata ya kunawa! Hivi ulizaliwa kufanya kazi gani duniani? Mvivu wewe, mjinga asiyefaa kitu!" Niliruka kitandani. Na mnisikie vizuri: nilifurahi. Nilifurahi mwili mzima, nikacheka peke yangu chumbani, nikasema amenigombeza, amenigombeza, nimepona. Nikaitika "Abee, Bibi!" nikajifunga kanga, nikafungua mlango. Bibi alikuwa amesimama pale, uso mkali, uso wake wa siku zote, na nyuma yake nyumba yote iko wazi na kimya. Akaniwekea ndoo mkononi, akaniambia nikitoka mtoni nipitie kuni, maana waliokwenda wameshakwenda, na kuanzia leo moto ni wangu.